Mheshimiwa Ameshuka

Wizara inapenda kuutangazia umma, kwa unyenyekevu unaolingana na cheo, kwamba Mheshimiwa Waziri hakupotea. Maneno yanayozagaa mitaani kwamba Waziri "alidondoka njiani kama gunia la mkaa" ni maneno ya watu wasioelewa usafiri wa anga. Mheshimiwa alishuka. Kati ya kudondoka na kushuka kuna tofauti kubwa, na kuilinda tofauti hiyo ndiyo kazi ninayolipwa.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Itifaki. Nahakikisha Mheshimiwa anaingia wa kwanza, anakaa wa kwanza, anacheka wa kwanza hata mzaha ukiwa wake mwenyewe, na kwamba hasahihishwi mbele ya wageni. Nimewatumikia mawaziri wengi. Wao wameteuliwa wakatenguliwa, wengine kabla hawajazoea kiti. Mimi nipo. Waziri ni mgeni wa mlango. Mwenyeji ni anayeufungua.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu vitanda vya hospitali. Nchi yetu ilialikwa kwa heshima ya pekee, kwa kuwa katika uwanja wa upungufu wa vitanda tumejijengea jina. Kwenye wodi zetu za wazazi kina mama hulala wawili wawili na watoto wao katikati, na anayechelewa kujifungua hukuta sakafu imeshachukuliwa. Wafadhili walikuwa tayari kutoa vitanda kwa nchi itakayojieleza vizuri. Kwa hiyo lilikuwa jambo zito, na sisi tulilibeba kwa uzito wake: tukaitisha kikao cha maandalizi.

Kikao kilijadili jambo moja, nalo ni Mheshimiwa atakaa wapi ndani ya ndege.

Mhasibu, mtu mwenye tabia mbaya ya kuuliza, aliuliza kama kiti cha kawaida hakifiki kule kule. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema, "Ndugu Mhasibu, heshima ya taifa hailali ikiwa imekunja magoti."

Wajumbe wakagonga meza. Mhasibu akauliza nauli ya daraja la kwanza itatoka fungu gani.

"Fungu la vitanda," nikamjibu.

"Vitanda vya hospitali?"

"Fungu limeandikwa 'vitanda'. Kiti cha daraja la kwanza ukikibonyeza kitufe kinanyooka, mtu anakilalia kwa shuka na mto. Kinacholaliwa kwa shuka na mto, wewe kwenu mnakiitaje?"

Mhasibu alikuna kichwa, akaandika.

Kiti cha pili kilikuwa changu, kwa sababu itifaki haiwezi kutekelezwa kutoka mbali. Kiti cha tatu kilikuwa cha suti. Naomba hapa nieleweke, maana ndipo watu wa vijiweni walipopata la kuchekea. Mheshimiwa alikuwa na suti ya hafla, ya kuvaa siku ya kuhutubia. Suti ikikunjwa kwenye sanduku hufika na makunyanzi, na makunyanzi ya waziri ni makunyanzi ya nchi. Tukaikatia tiketi.

Hapo fungu likawa limeishiwa pumzi, na tukakumbuka kuwa ujumbe ulitakiwa kuwa na mtaalamu. Daktari Mkuu wa wodi ya wazazi akatafutiwa kiti cha nyuma kabisa, safu ya mwisho, ukutani mwa choo, kiti ambacho hakilali hata ukikibembeleza.

Daktari huyu, kwa majaliwa ambayo sikuulizwa, ni dada mkubwa wa mke wangu. Ni mwanamke mwenye mwili na sauti, na akicheka hata mlango uliofungwa hutikisika. Siku namchumbia mdogo wake aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Mchukueni, hana madhara." Tangu siku hiyo ananitania, na mila zetu za ushemeji hazinipi pa kukata rufaa.

"Shemeji," aliniambia tulipokuwa uwanjani tukisubiri kuingia, "nasikia suti imepata kiti cha mbele."

"Ni suti ya taifa, shemeji."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wewe ni mtaalamu. Mtaalamu anatakiwa kukaa karibu na hali halisi."

"Hali halisi yenyewe inanuka dawa ya choo."

Nilimwambia nitalifikisha suala lake panapohusika. Panapohusika ni kwangu, kwa hiyo lilifika palepale na likaishia palepale.

Ndege ikaruka. Sitaki kueleza sana mambo ya daraja la kwanza, kwa sababu raia wengi hawajajiandaa kisaikolojia. Niseme tu kwamba taulo la kufutia uso lilikuja likiwa la moto, na aliyelileta alipiga goti. Mheshimiwa alikaa dirishani, mimi kando, suti upande wa pili ikiwa imefungwa mkanda. Mhudumu wa ndege, dada mmoja mpole aliyenyooka kama sindano, alipita akiuliza kila abiria anachokula. Alipofika kwenye suti akasita.

"Na huyu... atatumia nini?"

"Suti haitumii kitu," nikamwambia. "Lakini kwa kuwa imelipiwa, sahani yake niletee mimi."

Baada ya chakula tuligawiwa pajama za rangi ya kijivu na ndara laini. Mheshimiwa akavaa. Nami nikavaa, kwa mshikamano. Ilikuwa saa za mchana, lakini mhudumu alishusha vifuniko vya madirisha akatutengenezea usiku wetu wa binafsi. Mheshimiwa akabonyeza kitufe, kiti kikanyooka, naye akanyooka nacho, tumbo likielekea mbinguni.

Mheshimiwa si mtu mbaya. Nyumbani anawaogopa wajukuu zake na hajui kumfukuza hata paka. Ubaya wake wote ni wa kikazi.

"Nisiamshwe," alisema akijaza vizibo masikioni, "isipokuwa kwa jambo la kitaifa." Akavuta kitambaa juu ya macho. Punde akaanza kukoroma kwa namna ya mtu ambaye mkutano wake umeshafanikiwa.

Hata mimi nilikuwa naanza kusinzia pale pazia linalotenga madaraja lilipovutwa. Pazia lile ni jembamba, lakini katika maisha yangu sijaona ukuta wenye nguvu kama ule. Lilivutwa kwa nguvu, na aliyekuwa amelishika ni shemeji yangu. Nyuma yake, akiegemea bega la mhudumu, alikuwa mwanamke mwenye ujauzito mkubwa, gauni limelowa, jasho likimchuruzika shingoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anamfuata mumewe aliyekuwa anafanya kazi ya kuchomelea vyuma ughaibuni, na kwamba mtoto alikuwa amepangwa kuzaliwa wiki za mbele. Mtoto hakuwa amepewa nakala ya ratiba.

"Nina mzazi," alisema shemeji. "Nataka kitanda."

"Kitanda kipi?"

"Hicho chenye suti."

"Hicho kina mwenyewe."

"Kina suti."

"Suti ina tiketi, shemeji."

"Nayo imeshikwa na uchungu?"

Nikamweleza, kwa sauti ya chini ili kulinda usingizi wa Mheshimiwa, kwamba si suala la utu bali la utaratibu. Kwamba nikiruhusu leo mzazi alale mahali pa suti, kesho nitaulizwa na wakaguzi wote. Nikapendekeza tuunde kamati ndogo: yeye, mimi na mhudumu kama mjumbe mwalikwa.

"Haya," shemeji akamgeukia yule mama. "Mwambie mtoto asubiri kikao."

Yule mama alitoa mguno ambao sikuutafsiri kama kuafiki.

"Basi muamshe bosi wako aamue," shemeji akasema.

Hapo nilitafakari kwa kina. Maagizo yalikuwa wazi: jambo la kitaifa tu. Mtoto alikuwa hajazaliwa, hivyo hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Na tulikuwa angani, juu ya nchi za watu. Nikaona kwa vigezo vyote viwili halikuwa la kitaifa.

Nilipokuwa natafuta maneno ya kumfikishia uamuzi huo, shemeji alifungua mkanda wa suti, akaing'oa, akanitupia kifuani.

"Mshike mwenzio," alisema.

Mama akalazwa. Shemeji akamfunga mkononi kifaa chake cha kupimia presha, akaangalia, akaangalia tena, na lile tabasamu lake la utani likatoweka usoni. Ndipo nilipoogopa. Nimemwona shemeji akicheka msibani. Sikuwahi kumwona hajacheka kabisa.

"Presha imepanda vibaya," alimwambia mhudumu. "Mwambie rubani atafute uwanja wowote wenye hospitali karibu. Huyu nikizalisha humu naweza kupoteza wawili."

Mhudumu alikwenda mbele akikimbia. Mimi nilikaa na suti mapajani. Mama aliomba kitu cha kushika, na kwa kuwa mkono wake ulifika kwangu, alishika mguu wa suruali ya taifa na kuukamua kama nguo ya kufuliwa. Kisha akatapika. Nilianza kuandaa kichwani maelezo ya suti.

Rubani akatangaza kwamba tutatua kwa dharura kwenye uwanja mdogo wa nchi iliyokuwa chini yetu, tumshushe mgonjwa, tujaze mafuta na kuendelea. Watu huko nyuma wakaanza kuomba dua. Mheshimiwa aliendelea kukoroma. Magurudumu yalipogusa ardhi alishtuka, akavua kitambaa cha macho, akapandisha kifuniko cha dirisha.

Sasa naomba umma ujiweke mahali pake. Alichokiona ni jengo dogo, wanaume wa sare wamesimama mstari mmoja, na chini ya ndege gari jeupe lenye taa nyekundu inayozunguka. Machela ilishapandishwa na kushushwa, mama alishaingizwa kwenye gari, shemeji alishawakabidhi wenzake wa ambulensi na kwenda kunawa mikono. Kilichobaki machoni pa Mheshimiwa kilikuwa msafara unaomngoja mtu mkubwa. Uso wake uling'aa.

"Wametupokea vizuri," akasema, akivaa ndara.

Nilijua. Nasema wazi kwamba nilijua hatujafika. Lakini kanuni ya itifaki, ambayo niliiandika kwa mkono wangu, inasema Mheshimiwa hasahihishwi mbele ya wageni. Marekebisho yote yafanyike faragha. Mlangoni walikuwa wamesimama mhudumu na wapagazi wa nchi nyingine. Nikaamua kusubiri faragha.

"Suti?" akauliza.

"Suti haiko tayari, Mheshimiwa."

Alijitazama. "Hii nayo si mbaya. Ni ya daraja la kwanza." Akaanza kutembea.

Mhudumu alimuuliza mlangoni, "Baba, mnamsindikiza mama?"

Mheshimiwa, ambaye vizibo vilikuwa bado masikioni, alimjibu kama anavyojibu maswali yote asiyoyasikia: alitabasamu na kuinua mkono. Mhudumu akaniangalia mimi.

"Mheshimiwa akishuka, ameshuka," nikasema.

"Mungu awabariki," akajibu, na machozi yakamlengalenga. Nilidhani ni heshima kwa serikali.

Mheshimiwa akateremka ngazi kwa mwendo wa taratibu, akiwapungia mkono wapagazi, mashine ya mafuta na kijumba cha zimamoto. Nilikuwa hatua mbili nyuma, pasi zetu za kusafiria, simu na viatu vikiwa vimebaki kwenye mkoba chini ya kiti. Mheshimiwa akampa mkono dereva wa ambulensi.

"Asanteni kwa mapokezi."

"Ingia, baba, hatuna muda," dereva akasema, akatusukuma ndani wote wawili na kubamiza mlango.

Faragha ikawa imepatikana.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba kufanya marekebisho madogo."

Aligusa sikio. Nikamwonyesha vizibo, akavitoa. Wakati huohuo king'ora kikalia na gari likaondoka kwa kasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa sipo tulipokuwa tunakwenda," nikasema.

Akageuka. Ndipo alipoona machela, na mama juu yake, na mkunga mzee wa ambulensi aliyekuwa anavaa glavu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzazi, Mheshimiwa."

"Wa kamati ya mapokezi?"

"Wa mtoto, Mheshimiwa."

Kabla hajatoa maelekezo, mama aliunyaka mkono wake. Mheshimiwa akajaribu kuuvuta. Mkunga akamtazama juu ya miwani.

"Baba, uache huo mkono hapo hapo. Humu ndani ndiyo dawa pekee niliyobakiwa nayo."

Akauacha. Njia ilikuwa mbovu, na katika kila shimo mama alipiga kelele na Mheshimiwa akapiga kelele, kwa sababu vidole ni vyake. Mkunga alinipa taulo nikae nalo tayari. Kisha akamwambia Mheshimiwa ashike goti, asiangalie pembeni, amwambie mama asukume. Mheshimiwa, ambaye amezindua mabwawa na madaraja kwa kukata utepe tu, alisema "sukuma, mwanangu, sukuma" mpaka sauti ikamkauka. Langoni mwa hospitali, gari likiwa halijasimama vizuri, mtoto akatoka.

Hakulia. Mkunga akamgeuza, akampapasa mgongo, akampuliza. Mheshimiwa hakuwa anapumua. Mtoto akalia. Mheshimiwa akafuatia. Ni mara ya kwanza katika utumishi wangu kumwona akiwa wa pili kwa jambo lolote, na hakulalamika. Alilia mpaka kola ya pajama ikalowa.

"Msichana," mkunga alisema. "Na mama yake presha inashuka. Mungu mkubwa."

Mheshimiwa alijifuta pua, akarudiwa na cheo. "Basi atapewa jina la nani?"

"La yule daktari," mama akasema kwa sauti ya kuchoka.

Juu yetu ikapita ndege kwa ngurumo. Mheshimiwa akainamisha kichwa aione dirishani.

"Ile ya wapi?"

"Ni yetu, Mheshimiwa."

"Inakwenda wapi?"

"Mkutanoni."

Mama na mtoto waliingizwa wodini wakiwa salama. Sisi tulibaki kwenye korido, wanaume wawili wenye pajama za kijivu na ndara, bila kipande chochote cha karatasi. Sasa, kwa bahati ambayo hakuna kikao kingeweza kuipanga, wagonjwa wa hospitali ile nao walivalishwa pajama za kijivu. Muuguzi mkuu, mama mmoja mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alipinda kona akatuona, akasimama.

"Nyinyi wawili nani amewaruhusu kutoka wodini?"

"Mama," Mheshimiwa akasema, akinyoosha mgongo, "mimi ni Waziri."

"Ndiyo, baba. Na huyu?"

"Huyu ni mtu wangu wa itifaki."

"Sawa kabisa. Na gari lenu la msafara liko wapi?"

"Ndilo lile pale nje lenye king'ora," akasema Mheshimiwa, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Muuguzi akatushika viwiko kwa upole ambao sikuupenda. "Twendeni mkapumzike. Mambo ya serikali yanachosha kichwa."

Nilijaribu kumweleza utaratibu wa kumkamata kiwiko kiongozi wa ngazi hiyo. Alinijibu "ndiyo, mwanangu" kwa kila kifungu. Tukapelekwa wodi ya mwisho, yenye mlango mzito, tukaonyeshwa vitanda viwili.

"Kila mtu na chake?" Mheshimiwa aliuliza, akishangaa.

"Kwani ulitaka ulale na nani?"

Alikaa kwenye kitanda, akakibonyeza kwa mkono, akatazama safu nzima ya wagonjwa, kila mmoja peke yake. Niliona jambo linapita usoni mwake. Nisingeliita fedheha, kwa sababu neno hilo halimo kwenye msamiati wa wizara, lakini lilikuwa ndugu yake wa karibu.

Jirani yetu wa kushoto, mzee msafi mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alinyoosha shingo.

"Samahani ndugu, nimesikia wewe ni waziri."

"Ndiyo," Mheshimiwa akasema kwa matumaini.

"Usikate tamaa. Hata mimi nilianza na uwaziri. Sasa hivi ni mfalme. Ni subira tu."

Tulikaa pale mpaka kesho yake. Aliyetutoa ni shemeji. Alipofika kwenye mkutano alipiga simu hospitali kumjulia hali mgonjwa wake, kisha akauliza kama wamewaona wanaume wawili wenye pajama.

"Tuna wengi," muuguzi akamwambia. "Wako wana alama gani?"

"Mmoja ana kitambi na anapunga mkono bila sababu. Mwingine mwembamba, ukimuuliza swali anaunda kamati."

"Huyo mwembamba jana alitaka tuunde kamati ya kugawa mto wa kulalia," muuguzi akasema. "Mungu wangu. Kumbe ni kweli."

Nikapewa simu. Shemeji alicheka mpaka nikalazimika kuiweka mbali na sikio. Akanieleza kwamba baada ya ndege kuruka aliambiwa tumeshuka kumsindikiza mzazi, akaona mahali pa Mheshimiwa pako wazi na bado pana joto, akalala hapo mpaka mwisho wa safari. Kwenye mkutano alikaa nyuma ya bendera yetu. Hotuba ilikuwa mfukoni mwa suti, na suti haikuwa katika hali ya kusomeka. Zamu yetu ilipofika alisimama akasema waziri wake ameshuka njiani na mzazi aliyezidiwa, na yeye anaomba vitanda ili wazazi wa kwao nao wapate pa kulala. Basi.

"Ukumbi mzima ulisimama, shemeji," alisema. "Wakapiga makofi mpaka nikaona aibu. Vitanda wametupa vyote tulivyoomba."

Jambo lilikuwa limekwisha vizuri, na lingeishia hapo, kama dereva wa ambulensi hangekuwa na simu yenye kamera. Kabla hatujapata pasi za muda, picha ya Mheshimiwa akiteremka ngazi kwa pajama na kupungia mashine ya mafuta ilikuwa imefika kila kona ya nchi. Wauza magazeti waliisogeza mbele. Wauza nguo waliichapisha kwenye fulana. Mheshimiwa alinitazama kwa macho ya mtu anayezama, akasema, "Fanya kitu."

Nikafanya kilele cha kazi yangu. Niliandaa tamko kwamba Mheshimiwa hakupotea wala hakukosea. Kwamba alishuka kwa hiari yake, akaacha kitanda cha angani, akavaa vazi la mgonjwa na kulazwa wodini, ili aonje kwa mwili wake anayoyaonja mwananchi wa kawaida. Nilimalizia kwamba Mheshimiwa anatamani kufanya hivyo tena na tena.

Nakiri sentensi ile ya mwisho niliiweka kwa ajili ya mdundo tu.

Umma uliipokea kwa namna ambayo haijawahi kutokea. Tuliporudi watu walijaa uwanjani, safari hii kweli wanamsubiri yeye. Mheshimiwa alipunga mkono kwa sababu, na alinibonyeza bega akaniambia nina akili. Jioni hiyo Mkuu wa Nchi alilihutubia taifa. Alisema ameguswa. Alisema kiongozi mwenye moyo wa namna hiyo haifai kuzuiwa na ofisi. Akatangaza Mpango wa Kitaifa wa Uongozi Uliolazwa, ambamo Mheshimiwa atalazwa katika hospitali za wilaya zote, moja baada ya nyingine, kwa masharti yaleyale ya mwananchi, akisaidiwa na afisa wake wa itifaki. Wizara, kwa kipindi hicho, itakaimiwa na Daktari.

Mheshimiwa aliomba ufafanuzi. Ufafanuzi unatakiwa kutolewa na Kaimu Waziri. Nilitumwa mimi kuuomba, nikamkuta shemeji ofisini, amekaa kwenye kile kiti kikubwa kama amezaliwa nacho, anapanga mgawanyo wa vitanda vipya.

"Vinaanzia wodi za wazazi," aliniambia bila kuinua kichwa. "Kisha watoto. Kisha wanawake. Wodi za wanaume ni za mwisho."

"Shemeji, sisi tutalazwa wodi ya wanaume."

"Najua. Nitalifikisha panapohusika."

Kwa hiyo sasa tupo hospitali ya wilaya ya kwanza. Wodi za wazazi nasikia zimependeza, kila mama na kitanda chake, na watu wanatoka mbali kwenda kuangalia tu. Huku kwetu mimi na Mheshimiwa tunalala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake na miguu yangu kwenye kichwa chake, jambo ambalo nilikuwa bado nalitafutia kanuni. Leo asubuhi muuguzi wa zamu amekuja akimshika mkono fundi matofali mmoja aliyevunjika mguu.

"Sogeeni kidogo," akasema.

Mheshimiwa alijiinua juu ya kiwiko, akatumia ile sauti ya bungeni. "Muuguzi, kitanda hiki tayari kina watu wawili."

"Ndiyo, Mheshimiwa," muuguzi akajibu kwa heshima zote. "Ndiyo maana nimemleta hapa. Vingine vina watatu."

Mheshimiwa akanitazama, akisubiri niseme neno. Lakini fundi matofali alikuwa mgeni, na mbele ya wageni mimi simsahihishi mtu. Tukasogea.